Mguu Usiosikia Moto

Siku yangu ya kwanza kazini shefu, yaani mkuu wa atelie, karakana ya miguu ya bandia, hakunipa chombo chochote. Alinipa mguu wa mti uliokwisha kuvaliwa miaka mingi, akaniambia niuangalie vizuri, kisha nimweleze aliyeuvaa alikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi hapahapa Lubumbashi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na nilidhani ananichezea tu. Nikaugeuza mguu ule. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje. Mikanda ya ngozi ilikuwa nyeusi kwa jasho. Ndani ya nyufa za unyayo kulikuwa na udongo mwekundu uliogandamana.

"Mulimaji," nikasema.

"Alikuwa anaendesha gari ya moshi," akajibu shefu. "Ile udongo ni ya shamba ya bibi yake, alikuwa anamusaidia siku ya Mungu. Basi umepata nusu. Uko na macho, lakini usikimbie kusema."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kutengeneza miguu, kazi niliyoifanya mpaka pensheni. Vijana wanaoifanya leo wana plastiki, mashine na kompyuta, na wananiuliza tulikuwa tunafanyaje. Nitawaeleza, lakini nataka hasa kueleza jinsi kazi hii ilivyonikutanisha na ugonjwa wa sukari huko vijijini, wakati watu wengi walikuwa wakisema vijijini haupo.

Atelie yetu ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali moja iliyoongozwa na masista. Asubuhi tulinusa sabuni ya mashuka, mchana gundi na ngozi. Mtu aliyekatwa mguu alikuja na kigutu chake, yaani sehemu iliyobaki chini ya goti au juu yake. Tulikifunga kwa bandeji zenye plasta, tukangoja zikauke, tukazitoa kama ganda la yai. Ndani ya ganda lile tulimwaga plasta nyingine, tukapata sura kamili ya kigutu. Juu ya sura hiyo tulichonga kikombe cha mti, mahali kigutu kinapoingia na kukaa. Tulipenda mti wa mulombwa, maana haupasuki ovyo na haubadiliki sana masika yakifika. Kikombe kikibana, ngozi inachubuka. Kikilegea, mtu anayumba. Tofauti kati ya hayo mawili ni mpapaso mdogo tu wa tupa, na shefu alinifundisha kuisikia kwa kidole gumba huku nimefumba macho.

Wateja wetu siku zile walikuwa watu wa mgodini walioangukiwa na mawe, watu wa reli, watoto wa polio waliohitaji vyuma vya miguu, na mara mojamoja mvuvi aliyekamatwa na mamba. Ugonjwa wa sukari tuliujua kwa jina. Tuliuita maladi ya wakubwa. Kwetu ulikuwa ugonjwa wa mtu mwenye gari na tumbo, anayekula mkate wenye siagi na kukaa ofisini.

Kisha wakaanza kuja watu wa mashambani. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mama mmoja mwembamba, mikono migumu kwa jembe. Aliota moto wakati wa baridi, mguu ukaingia kwenye makaa, naye hakusikia kitu mpaka aliponusa nyama inaungua. Alipofika kwetu, daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha kuukata. Shefu aliposoma karatasi yake alimwendea Sista Directrice, mkuu wa hospitali, akamwuliza kama hawakukosea jina.

"Hatukukosea," Sista akasema. "Ni sukari. Utaona wengine."

"Huyu anakulaka bukari na sombe, Sista. Ile sukari aliipata wapi?" akauliza shefu. Bukari ndio ugali wetu, na sombe ni kisamvu.

"Hilo ndilo swali," alisema Sista, akarudi kwenye kazi zake.

Wengine tuliwaona, kweli. Walitoka barabara ya Kasenga, walitoka upande wa ziwa Mweru, na wote walifika wamechelewa. Hapo ndipo Sista aliponiita ofisini, akaniambia kwamba daktari mkuu wa zoni ya afya ya Kilwa, ile ya ziwa Mweru, ameomba fundi mmoja. Hakutaka fundi wa kuchonga miguu tu, alitaka pia mtu wa kutengeneza viatu, ili miguu isifike kukatwa. Nilikwenda nyumbani kumwambia mke wangu, Georgette. Alikuwa anakoroga bukari, hakuacha.

"Kule barabara iko mubaya," alisema.

"Iko mubaya kabisa."

"Na samaki?"

"Samaki iko mingi."

"Basi tuende," akasema, na hayo ndiyo mashauri tuliyofanya.

Daktari mkuu wa Kilwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa katika familia ya watu wa mgodini kama mimi ya reli. Siku nilipofika alinionyesha chumba changu cha kazi, zamani stoo ya mahindi, kisha akanieleza anachotaka. Mpaka wakati huo wagonjwa wa sukari waliojulikana walikuwa wale tu waliojileta hospitalini wakiwa hoi. Yeye alitaka kujua katika watu wazima wote wa vijiji vile, ni wangapi wanaishi na ugonjwa huo, wanaojua na wasiojua.

"Watu wanasema vijijini sukari hakuna," aliniambia. "Hakuna kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Tukingoja walio wagonjwa waje, tutahesabu wagonjwa. Lazima twende nyumba kwa nyumba, nyumba zitakazotoka kwenye kura, hata ya mtu anayecheza ngoma kila Jumamosi."

Tukaenda. Tulipanda pikipiki penye njia, mtumbwi pasipokuwa na njia, na mara nyingi tulitembea. Muuguzi alipima urefu, uzito, mzunguko wa kiuno na presha. Daktari alichoma ncha ya kidole cha mtu ambaye bado hajala asubuhi, akagusisha tone la damu kwenye kipande kidogo cha karatasi kilichoingia ndani ya mashine ya ukubwa wa kiganja. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimekaa chini kwenye mkeka, nimeshika miguu ya watu.

Kazi yangu ilikuwa kupima kama mguu unasikia. Daktari alikuwa na uzi mgumu wa nailoni uliotengenezwa maalumu, unaopinda ukisukumwa kwa nguvu kiasi fulani. Mtu alifumba macho, nami nilimgusa kwenye kidole gumba, kwenye unyayo, chini ya vidole, na yeye aseme "ndiyo" kila akisikia. Wavuvi walicheka sana. "Fundi amekuya kutuvua na ndoana," walisema. Lakini kila kijiji palikuwa na mmoja au wawili walionyamaza nilipowagusa. Walikuwa wamefumba macho, wakitabasamu, wakingoja nianze. Nami nilikuwa nimekwisha kumaliza.

Hesabu zenyewe si zangu kuzisema, Daktari aliziandika na kuzipeleka panapostahili. Nitasema kile nilichokiona. Watu wenye sukari walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia sisi sote, na wengi wao hawakujua. Walidhani kiu ni ya joto, uchovu ni wa kazi, na macho yanafifia kwa moshi.

Jioni nilimwuliza Daktari maswali, naye alipenda kujibu. Kwa nini huyu na si yule? Alisema umri ni jambo moja, maana wengi tuliowapata walikuwa wamevuka ujana. Damu ya ukoo ni jambo jingine, mzazi akiwa nayo mtoto awe macho. Tumbo kubwa na presha hutembea pamoja na sukari kama ndugu. Mama aliyezaa watoto wakubwa mno naye apimwe. Kisha akanionyesha kwa kidole yaliyokuwa mbele ya macho yetu. Zamani mama alitwanga mahindi kwa kinu na mchi, sasa kuna mashine ya kusaga, na unga wake umekobolewa mpaka ukawa mweupe kabisa. Zamani mtu wa Kilwa alibeba mzigo kwa kinga, yaani baiskeli, au kwa kichwa, sasa anapanda pikipiki. Soda imefika mahali ambapo dawa haijafika. Pombe ya lutuku nayo inanywewa toka asubuhi.

"Lakini Dokta, wengine niko nabaona banakonda sana," nikasema. "Yule mama wa makaa, kule Lubumbashi, alikuwa kama fimbo."

"Ni kweli, hata wembamba wanaipata," alisema. "Wataalamu wengine wanadhani njaa ya utotoni inachangia. Mimi nakwambia bado hatujui yote. Ndiyo maana simwambii mtu yeyote kwamba yuko salama kwa sababu ni mwembamba au maskini."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na waliojua kusema "hatujui" niliwaamini zaidi walipoanza kusema "tunajua".

Sasa nifike kwa Mama Musonda. Alikuwa mkaushaji wa samaki pale ufukoni Kilwa, mjane, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi. Kukausha kwake kulikuwa kwa moshi. Alipanga samaki juu ya vichanja vya miti, chini akawasha kuni mbichi, na siku nzima akazunguka baina ya moto na moto. Jirani yake kwenye vichanja alikuwa Mama Ngosa, na wawili hao walikuwa wamegombana juu ya mahali pa kusimamisha kichanja kipya. Baada ya ugomvi ule, Mama Musonda alikanyaga kaa la moto. Hakulisikia. Kidonda kikatokea chini ya mguu, kikaanza kunuka, kikaingia ndani.

Pale ziwani kila mtu alijua maana ya kidonda cha mguu kisichopona. Umekanyaga muti. Adui amekutegea dawa njiani, umeipita, imekuingia. Na adui hakuwa na haja ya kutafutwa, alikuwa Mama Ngosa wa kichanja cha pili.

Kaka yake Mama Musonda aliitwa Mumba. Alikuwa mtu mzito, msemaji wa wavuvi, anayesikilizwa. Alikuwa amekwisha kuita wazee ili Mama Ngosa aondolewe ufukoni, yeye na watoto wake. Habari ilitufikia kupitia kwa Georgette, ambaye alinunua samaki kwa wanawake wote wawili na hakutaka kuchagua. Alimwambia Daktari moja kwa moja. Asubuhi yake tukaenda, Daktari na mashine yake, mimi na uzi wangu.

Tulikuta watu wameketi uani kwa Mama Musonda. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya kigoda, mguu umefungwa kitambaa. Shangazi yao, bibi mzee sana, alikuwa ameegemea ukuta. Mama Ngosa alisimama mbali, nje ya ua, mikono kifuani. Daktari alisalimia wote, akaomba ruhusa ya kuuona mguu. Nilifungua kitambaa. Nilimgusa Mama Musonda kwa uzi mahali pote, hakusema "ndiyo" hata mara moja. Daktari alichoma kidole chake, akaangalia mashine, akanionyesha mimi kwanza, kisha Mumba.

"Ni sukari," alisema. "Sukari ya damu iko juu sana. Miguu imekufa ganzi, ndiyo sababu hakusikia moto."

Mumba alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsamehe mgeni. "Dokta, sisi tunakuheshimia. Lakini sukari iko ya bantu ba mu ville, ba mujini. Dada yangu anakunywaka chai bila sukari. Sukari anaitoa wapi?"

"Baba Mumba, hii sukari haitoki kwenye kikombe. Mwili unaitengeneza kutoka chakula chote, kisha unashindwa kuitumia." Akamgeukia na Mama Musonda. "Mama yenu alikufa na nini?"

Nilikuwa bado nimeushika ule mguu mikononi, nikasikia Mama Musonda anavuta pumzi.

Aliyejibu ni bibi mzee wa ukutani. "Alikauka," alisema. "Alikuwa anakunywa maji, anamaliza mutungi, anaomba ingine. Kisha macho ikaenda. Kisha mguu ikaoza, sawa hii."

"Mama yetu walimuloga," alisema Mumba.

"Ndiyo, njo vile tulisema," bibi akajibu. "Tukafukuza muntu. Tukafukuza Mama Kalumba na vyombo yake."

Mumba alisimama. Daktari alimwomba akae apimwe, maana mama na dada wakiwa nayo, yeye naye yuko hatarini. Hakumtazama. Alitoka nje ya ua, akapita karibu na Mama Ngosa bila neno, akapanda pikipiki yake. Wale wazee nao wakaondoka mmojammoja. Hakuna aliyetangaza kwamba shauri limekwisha, ila lilikwisha.

Mama Musonda aliniuliza, "Fundi, mutaikata?"

"Tukifanya haraka, labda kidole tu," alijibu Daktari kwa niaba yangu. "Lakini huu mguu usikanyage chini mpaka upone. Miezi, si siku."

"Na samaki?"

Hilo lilikuwa swali zito kuliko la kisu. Kidonda cha mgonjwa wa sukari hakiponi kwa dawa peke yake. Kila hatua inakifungua upya, na kwa sababu hakiumi, mwenyewe anaendelea kutembea. Nilimweleza hivyo. Aliniambia kwamba akikaa miezi, mahali pake ufukoni patachukuliwa, na watoto wake watakula nini.

Mama Ngosa aliingia uani wakati tukisema hayo. Alitazama kidonda kwa muda. Nilimwona anaona kitu ambacho angeweza kufukuzwa kwa ajili yake.

"Moto zake zitakuwa zangu," alisema. "Ye aniambie tu samaki gani iko ya nani."

Daktari aliondoa kidole kimoja, mguu ukabaki. Mimi nilimtengenezea magongo, kisha kiatu cha kwanza cha aina ile nilichopata kufanya. Nilichora unyayo wake, nikatafuta mahali uzito unapokaa, nikachimba soli ya ndani ili kidonda kisiguse kitu. Sponji nilikata kutoka kandambili, soli ya nje ilikuwa tairi, na niliipindisha mbele kama kitako cha mtumbwi, ili mguu ubingirike badala ya kukunjika. Sehemu ya vidole nilipanua, bila mshono ndani. Kiatu kilikuwa kibaya kwa macho. Mama Musonda alikiangalia, akaniambia kwamba nimemshonea nyumba ya kobe. Lakini alikivaa. Alimeza dawa zake, akapunguza bukari sahanini na kuongeza mboga, na masika ya pili nilimkuta amesimama kwenye vichanja, akimkaripia Mama Ngosa kwamba amezidisha kuni. Mama Ngosa alimkaripia vilevile. Nilifurahi sana kusikia kelele zile.

Miaka ya Kilwa ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nyumba yetu ilivuja, taa zilikuwa za mafuta, na Georgette alijifunza kusema Kibemba kuliko mimi. Daktari alikuja kula kwetu Jumapili baada ya misa, akavua viatu mlangoni, akasahau kwa muda kwamba yeye ni mkuu wa zoni. Tulikuwa na vitu vichache mno, na tulijua kila mtu tunayemtibu anakaa nyumba gani.

Kisha nilihamishiwa Pweto, kaskazini ya ziwa. Mkuu wangu kule alikuwa msimamizi wa hospitali, mtu mpole aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, hata viatu vibovu alitaka vipangwe kwa ukubwa. Nilikuwa nimekaa huko muda wa kutosha kuzoeleka sokoni, pale mtumbwi wa injini kutoka Kilwa ulipomleta Mumba. Alikuwa amepungua nusu ya mwili wake. Mguu wa kushoto ulikuwa mweusi mpaka juu ya kifundo. Hakwenda kwa Daktari wa Kilwa, alisema, kwa sababu alikuwa na aibu naye. Daktari wa Pweto alimkata chini ya goti, na akapona, Mungu akamsaidia. Kigutu kilipopoa akaletwa kwangu.

Nilimfunga plasta. Wakati plasta inakauka mtu hawezi kwenda popote, na kazini mwangu hapo ndipo watu huzungumza.

"Fundi," alisema, "siku ile kwa dada yangu nilikimbia mashine ya Dokta."

"Ulikuwa unaogopa sindano?"

"Hapana. Niliogopa ingesema iko kweli." Akaendelea taratibu. "Mama Kalumba alikuwa bibi mudogo wa baba yangu, muke wa pili nyuma ya mama. Mama alipokuwa mugonjwa, ye njo alikuwa ananipikia, ye njo alikuwa ananivesha kwenda masomo. Na mama alipokufa, tulisema ni ye. Nilikuwa kijana mukubwa tayari. Nilibeba vyungu vyake inje mimi mwenyewe. Kama ni sukari, basi tulimufukuza bule."

Nilibonyeza plasta kwa kidole kuona kama imekauka.

"Mama Kalumba iko muzima?" nikauliza baadaye.

"Iko muzima. Iko kwa watoto wake, kijiji moja hapa nyuma ya Pweto. Njo sababu nilikuya kukatiwa huku."

Mguu wake niliuchonga kwa uangalifu kuliko mingine yote. Simaanishi kwamba ulikuwa mzuri kupita mingine, ila nilijua unakokwenda. Alijifunza kutembea uani kwa hospitali, kwanza katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, kisha na fimbo, akitoka jasho, akitukana kidogo na kuomba msamaha kwa wauguzi. Mguu mpya daima unasugua mahali fulani safari ya kwanza ndefu, kwa hiyo nilimwomba msimamizi ruhusa nimsindikize kwa Mama Kalumba na tupa yangu. Alinipa, akaniagiza niirudishe tupa mahali pake.

Pikipiki ilituacha mwanzo wa kijiji kwa sababu Mumba alikataa kuingia amebebwa. Tulitembea. Tulisimama mara nyingi, nikapunguza ukingo wa kikombe ulipombana, tukaendelea. Mama Kalumba tulimkuta nje ya nyumba ya mwanawe, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mzee, lakini macho yake yalikuwa mazima, na alimtambua kabla hajafika. Aliuweka ungo chini. Alimtazama usoni, kisha akautazama mguu, kwa muda mrefu, na nilimwona anaelewa, kwa sababu alikuwa amemwuguza mama yake Mumba mguu ukioza.

"Mama," alisema Mumba, "nimekuya kusema..."

"Ikala kwanza," akamwambia. "Inauma?"

"Kidogo."

"Ulikula?"

"Bado, mama."

"Utakula. Kisha utasema."

Aliingia ndani kutafuta chakula. Mumba alikaa kwenye kigoda, mguu niliouchonga umenyooka mbele yake, akafunika uso kwa kofia. Mimi niliondoka polepole, nikaenda kungojea kwenye pikipiki. Waliyosemezana sikuyasikia, wala sikumwuliza. Njiani kurudi aliniambia kitu kimoja tu, kwamba mama yule amemwekea mboga nyingi kuliko bukari, maana alikumbuka kile kilichomsaidia kidogo mke mwenziwe siku zile.

Baada ya Pweto nilirudishwa Lubumbashi, atelie ileile nyuma ya chumba cha kufulia, nami nikawa shefu. Nilikuta plastiki imechukua nafasi ya mulombwa. Ni nzuri, nyepesi, haiozi. Nilijifunza kuipasha moto nikiwa na mvi, nikifundishwa na binti mmoja mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, na alikuwa mvumilivu kwangu. Wagonjwa wa sukari kutoka mashambani waliendelea kuja, ila baadhi yao sasa walikuja wakitembea kwa miguu yao miwili, wakiomba viatu. Hao niliwahudumia kwa furaha kubwa. Siku ya pensheni yangu mkuu wa hospitali alitoa hotuba akaisifu miguu niliyochonga. Nilishukuru. Moyoni nilikuwa nafikiria ile ambayo sikuichonga, kwa sababu mtu fulani alipimwa mapema, akajua, akajitunza.

Vijana, mkienda vijijini msiseme ugonjwa huu haupo pale kwa kuwa hamjausikia ukitajwa. Huenda unatajwa kwa jina jingine, na huenda mtu asiye na kosa analipa kwa ajili ya jina hilo. Ulizeni mama alikufa na nini. Ulizeni juu ya kiu. Kisha ombeni ruhusa, mkae chini, mshike miguu.

Sasa tunakaa upande wa Kasapa, Georgette na mimi. Wanafunzi wanapita mbele ya nyumba na vitabu vyao. Naye Georgette amepata sukari, mwaka wa tatu huu, na tuliijua mapema, kwa hiyo tunatembea kila asubuhi mpaka kwenye geti la chuo na kurudi. Tukirudi anakaa kwenye kiti cha veranda, namletea beseni la maji ambayo nimeyajaribu kwa kiwiko. Namwosha miguu, nakausha baina ya vidole, nageuza unyayo kuelekea kwenye mwanga.

"Hii miguu ni yangu," anasema karibu kila siku. "Haiko ya atelie."

"Ninaijua," namwambia. "Fumba macho."

Anafumba. Namgusa kwenye kidole gumba.

"Ndiyo," anasema.

Namgusa chini ya vidole.

"Ndiyo."

Namgusa kwenye unyayo, taratibu kabisa, na ninangoja.

"Ndiyo, baba," anasema. "Nasikia."